Jinsi ya Kupanga Malipo ya Haki kwa Kijana Anayekuangalizia Watoto

Ilikuwa saa nne kasoro usiku. Binti wa miaka 16 alikuwa amesimama mlangoni kwangu, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, na mimi nimeshafungua pochi. Nikamuuliza, "Nikupe ngapi, mwanangu?" Akaangalia chini. "Chochote tu, mama." Nikatoa noti zilizokuwa juu juu, nikamshukuru sana, akaenda zake.

Wiki iliyofuata nilikuwa napiga hesabu ya matumizi ya mwezi, ndipo nikaona kwamba fundi aliyekuja kuziba bomba kwa dakika arobaini nilimlipa zaidi ya yule binti aliyebaki na wanangu wawili kwa saa tano. Fundi alitaja bei yake kabla hajafungua kisanduku cha vifaa. Binti angeitajaje? Mimi ni rika la mama yake, nyumba ni yangu, na amelelewa kutodai kitu mbele ya mkubwa. Ile "chochote tu" haikuwa bei. Ilikuwa adabu, na mimi nikaitumia kama punguzo.

Tangu siku hiyo sijamuuliza tena kijana yeyote swali lile. Mkubwa ndiye anayetaja kiasi, anakitaja kabla ya kazi, na anakuwa amekifikiria. Miaka imepita, vijana kadhaa wameshakaa na wanangu, na utaratibu ninaoufuata ndio huu.

Hatua ya 1: Itazame kazi kabla ya pesa

Kuna kazi ambayo hata ukiilipa mara tatu haimfai mtoto wa mwenzio. Mkataba Na. 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unataka umri wa kuanza kazi usiwe chini ya miaka 15, na nchi zinazoendelea zikaruhusiwa kuanzia 14. Kazi nyepesi, isiyodhuru afya wala kumkosesha kijana masomo, inaweza kuruhusiwa kuanzia miaka 13, au 12 kwa nchi hizo. Sheria ya nchi yako inaweza kuwa kali zaidi, kwa hiyo isome hiyo kwanza.

Mimi mwenyewe kijana wa miaka 13 au 14 namwita nikiwa ndani ya nyumba: yeye yuko na mtoto sebuleni, mimi nina kazi zangu chumba cha pili. Wa miaka 15 au 16 namwachia watoto wanaotembea na kusema, mchana au jioni. Kichanga simwachii. Mtoto mwenye homa simwachii. Na kuogesha naogesha mwenyewe kabla sijatoka, kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuzama kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, tena bila kupiga kelele. Nikikosa muda wa kuogesha, mtoto atalala bila kuoga siku hiyo. Hatadhurika.

Kuna na suala la usiku. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji usingizi wa saa 8 mpaka 10. Pendekezo Na. 201 la mwaka 2011, linaloandamana na mkataba wa kimataifa wa wafanyakazi wa majumbani, linazishauri nchi zipige marufuku kazi ya usiku kwa wafanyakazi hao walio chini ya miaka 18. Kwangu, kama kesho yake ni shule, ikifika saa tatu usiku kijana yuko kwao. Nikiwa na shughuli ya kuchelewa natafuta mtu mzima.

Hatua ya 2: Tafuta msingi wako

Msingi ni malipo ya saa moja kwa kazi iliyo rahisi kuliko zote: mtoto mmoja, ameshaacha nepi, ni mzima, ni mchana, na mzazi hayupo nyumbani. Kuupata unahitaji namba tatu.

Ya kwanza ni ile inayolipwa hapo mtaani kwenu. Waulize wazazi watatu, halafu waulize na vijana wawili wanaofanya kazi hiyo. Usiishie kwa wazazi. Mzazi hukutajia alichokusudia kulipa, kijana hukutajia kilichoingia mkononi, na mara nyingi namba hizo hazifanani.

Ya pili ni kima cha chini cha mshahara cha nchi yako. Kama kimewekwa kwa saa, kazi imekwisha. Kama kimewekwa kwa mwezi, kigawe: wiki ya kazi ya saa 40 ni kama saa 173 kwa mwezi, ya saa 45 ni saa 195, ya saa 48 ni saa 208.

Ya tatu ni kiasi anachotoza mtu mzima mwenye uzoefu kukaa na watoto kwa saa moja.

Msingi wako ukae kati ya namba ya pili na ya tatu. Namba ya kwanza inakuonyesha tu uko wapi ukilinganishwa na majirani. Kama majirani wanalipa chini ya kima cha chini, mimi siwafuati, hata wakinilaumu kwamba nawapandishia bei. Mtu anaweza kukwambia sheria haimlazimishi, na pengine ni kweli: Marekani, kwa mfano, tangu marekebisho ya sheria ya kazi ya mwaka 1974, wanaoangalia watoto mara mojamoja wamewekwa nje ya kima cha chini cha taifa. Lakini kutolazimishwa na sheria hakupunguzi uzito wa kazi. Yule kijana anabaki na mtoto yuleyule kwa saa zilezile.

Andika msingi wako mahali. Katika mfano wa mbele nitauita 100. Hiyo si sarafu ya nchi yoyote, ni kipimo cha kufanyia hesabu tu. Weka namba yako badala yake.

Hatua ya 3: Ongeza panapostahili, usipunguze kwa visingizio

Viwango ninavyotumia mimi ni hivi. Mtoto wa pili anaongeza 20 juu ya kila 100, na wa tatu vivyo hivyo. Kama yumo anayevaa nepi, naongeza 15. Kijana aliyesomea huduma ya kwanza naongeza 15 nyingine, kwa sababu mtoto akipaliwa, kujua la kufanya katika dakika ile ya kwanza kunaweza kuokoa maisha yake. Mtoto mwenye pumu, kifafa au mzio wa chakula anaongeza 25, na hapo simwachii kijana yeyote mpaka nimemwelekeza mbele yangu, ameshika dawa kwa mkono wake, na amenionyesha yeye mwenyewe jinsi ya kuitumia. Na kama mimi niko nyumbani, kijana ananisaidia tu, nalipa theluthi mbili ya msingi.

Mtoto wa rafiki akiletwa ghafla "acheze na wenzake kidogo" ni mtoto wa ziada kama mwingine yeyote. Mpigie kijana simu, mwombe, na uongeze.

Sasa visingizio. Nimevisikia vingi, na baadhi niliwahi kuvisema mimi mwenyewe.

"Bado mdogo." Umri unapunguza kazi unayomkabidhi, kama nilivyosema kwenye hatua ya kwanza. Ukishamkabidhi kazi nzima ya mtu mzima, umeshasema kwa matendo kwamba anaiweza.

"Ni ndugu." Mpwa wako anatumia saa zilezile. Akikataa mwenyewe kulipwa, msikilize, lakini kukataa kutoke kwake na siyo kutoka kwa mama yake.

"Anakula kwetu." Chakula ni haki ya mtu aliyeko nyumbani kwako saa ya kula. Hakiwi sehemu ya ujira, wala vocha ya simu haiwi, wala nguo ambayo mwanao haimtoshi tena. Mpe ukipenda, lakini juu ya malipo.

"Anapata uzoefu." Na fundi wa bomba naye alipata uzoefu nyumbani kwangu, sikumkata chochote.

Liko moja halisemwi kwa sauti. Mvulana akiitwa kukaa na watoto, anakaa na watoto. Msichana akiitwa, anakuta na vyombo kwenye sinki. Wote wawili wanaondoka na kiasi kilekile, na wakati mwingine mvulana anazidishiwa kwa sababu "ameweza." Mkataba Na. 100 wa mwaka 1951 unazungumzia malipo sawa kwa kazi yenye thamani sawa, mwanamke kwa mwanamume, na sioni kwa nini kanuni hiyo iishie mlangoni kwangu.

Kuhusu hivyo vyombo naomba nikae kidogo. Siku moja nilirudi mapema nikakuta jiko linang'aa. Masufuria yamepangwa, meza imefutwa, binti anakausha mikono. Nikafurahi sana. Halafu nikamkuta mwanangu wa miaka miwili chini ya meza ya sebuleni, kimya, ana kifuniko cha chupa mdomoni. Nikakitoa kwa kidole. Binti akaanza kulia, akisema aliona vyombo akadhani vimeachwa kwa ajili yake. Kosa lilikuwa langu: niliviacha, sikusema chochote, na nyumba yangu ikamwambia afanye usafi. Mikono ikiwa kwenye sinki, macho yako wapi? Toka siku ile naosha kabla sijatoka, au naviacha na kusema wazi, "Usiviguse, nitaosha mimi." Kama nahitaji mtu wa kufanya usafi, hiyo ni kazi nyingine, ina siku yake na bei yake, na watoto siku hiyo niko nao mimi.

Kupasha chakula cha watoto, kufuta kilichomwagika na kukusanya vitu vya kuchezea ni sehemu ya kazi yenyewe. Kumsaidia mtoto mkubwa kazi za shule pia, isipokuwa iwe masomo ya ziada hasa. Hayo yana malipo yake.

Hatua ya 4: Hesabu saa kwa uaminifu

Saa zinaanza muda mliopatana afike, hata kama wewe ulichelewa kuvaa ukatoka baada ya nusu saa. Zinaisha anapoondoka kwako. Kama unamrudisha wewe, zinaisha anapofika kwao. Robo saa iliyoanza naihesabu kuwa imekamilika.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: watoto wakishalala, nilipe nusu? Hapana. Nilipe saa nzima, tena bila kinyongo. Kifungu cha 10 cha Mkataba Na. 189 wa mwaka 2011, ule wa wafanyakazi wa majumbani, kinasema muda ambao mfanyakazi hayuko huru kuutumia apendavyo, bali anakaa tayari kuitikia akihitajika, uhesabiwe kuwa saa za kazi kwa kadiri sheria za nchi zinavyopanga. Mkataba huo hauwahusu wanaofanya kazi hii mara mojamoja tu, lakini unaeleza jambo ambalo kila mzazi analijua. Kijana aliyekaa kwenye kochi watoto wamelala hawezi kwenda kwa rafiki yake, hawezi kulala, hawezi kuvaa visikizi akasahau dunia. Akisikia kikohozi ananyanyuka. Ndicho ulichomwitia.

Weka na kiwango cha chini cha wito mmoja. Mimi nalipa si chini ya saa mbili hata nikirudi baada ya dakika hamsini, maana alivaa, akasafiri na akaahirisha mambo yake.

Ukighairi siku moja kabla, omba radhi tu. Ukighairi siku yenyewe, lipa nusu ya saa mlizopatana. Akiwa ameshafika mlangoni, lipa zile saa mbili.

Ukichelewa kurudi, muda uliozidi ulipe mara moja na nusu. Hiyo nimeiweka kwa ajili yangu zaidi kuliko kwake, kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nachelewa kila mara na kusema "samahani mwanangu, foleni."

Hatua ya 5: Piga hesabu yote kwenye karatasi

Tuseme una watoto wawili: mmoja ana miaka mitano, mwingine mwaka mmoja na miezi minane, bado anavaa nepi. Ni Ijumaa ya likizo. Kijana ana miaka 17, hajasomea huduma ya kwanza. Mmepatana saa 10:00 jioni hadi saa 3:00 usiku. Umerudi saa 3:40.

Msingi 100, mtoto wa pili 20, nepi 15. Saa moja ni 135. Saa tano mlizopatana ni 675. Dakika 40 za kuchelewa unazihesabu robo saa tatu, kwa mara moja na nusu: 0.75 mara 202.5, unapata karibu 152. Jumla ni 827, na mimi ningetoa 830 ili pasiwe na habari ya chenji. Nauli iko pembeni. Nauli haiingii kwenye ujira kwa namna yoyote ile, ni gharama ya wewe kumwita.

Ukiona jumla imekuzidi uwezo, punguza saa. Rudi mapema, au toka mara moja kwa mwezi badala ya mbili. Usiipunguze bei ya saa ukamwachia yeye kubeba tofauti.

Hatua ya 6: Taja kiasi, tena umpe nafasi ya kukataa

Hapa ndipo wazazi wengi wema hukosea. Wanataja, kijana anasema "sawa," wanadhani wamekubaliana. Kijana wa miaka 15 atasema "sawa" kwa karibu kila kitu anachoambiwa na mtu wa makamo ya mzazi wake. Kwa hiyo mimi simpi nafasi ya kujibu palepale. Namwambia hivi:

"Kazi ni ya saa nne, watoto wawili. Kwa saa nalipa kiasi hiki, nauli mbali. Vyombo havikuhusu. Nenda nyumbani ukaongee na mama au baba, halafu kesho unitumie ujumbe. Ukiona haitoshi niandikie namba yako, sitakasirika. Na ukiona kazi hii huitaki, niandikie 'sitaweza' tu, huna haja ya kunieleza sababu."

Kuandika kunamsaidia. Ana kwa ana asingethubutu, lakini kwenye simu, akiwa chumbani kwao, wapo waliowahi kuniomba zaidi, na mara zote walikuwa na hoja. Mmoja aliniandikia kwamba mtoto wangu mkubwa huamka usiku akiota vibaya na humchukua nusu saa kumtuliza. Sikuwa najua. Nikamwongezea, na nikajua jambo kuhusu mwanangu.

Zungumza na wazazi wake pia, hasa kuhusu saa za kurudi na nani atamsindikiza. Kuhusu pesa, waulize wanapenda zipitie wapi, lakini kijana mwenyewe ajue ni kiasi gani kimelipwa. Nimewahi kutuma kwenye simu ya mzazi miezi mitatu mfululizo, kumbe binti hakuwahi kuambiwa hata namba. Siku hizi nikituma kwa mzazi, kijana naye namtumia ujumbe wenye hesabu.

Hatua ya 7: Lipa siku hiyohiyo, na uandike

Lipa kabla jasho halijakauka. Usimwambie "nitakutumia kesho," maana kesho hatakukumbusha, na wewe utasahau. Tenga pesa kabla hujatoka nyumbani, za kutosha na kuchelewa.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nina daftari dogo juu ya kabati: tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka, kiasi, na sahihi yake. Mwanzoni vijana huona haya kusaini. Baada ya mara mbili wanaanza kulisoma wenyewe.

Hatua ya 8: Pandisha bila kuombwa

Baada ya kuja mara kumi, au miezi sita, namwongezea sehemu moja ya kumi ya malipo ya saa. Ameshajua ni mlango upi unaokwama, mtoto yupi anaogopa giza, dawa iko wapi. Hiyo ina thamani kwangu kuliko kumfundisha mgeni. Kima cha chini kikipanda, na msingi unapanda siku hiyohiyo.

Na kama umesoma mpaka hapa ukamkumbuka kijana uliyemlipa pungufu, bado unaweza kurekebisha. Mimi nilikaa na kalenda nikazikumbuka siku za yule binti wa "chochote tu": zilikuwa sita. Nikapiga hesabu ya tofauti, nikaiweka kwenye bahasha pamoja na karatasi yenye saa za kila siku, nikampelekea kwao. Alizihesabu polepole, akaisoma karatasi mstari kwa mstari, akaweka kidole kwenye mmoja na kuniuliza, "Mama, hata zile saa walizokuwa wamelala?"

"Hata hizo."

Akaikunja karatasi, akairudisha kwenye bahasha. Kisha akaniuliza kama Jumamosi ile namhitaji, akataja na saa ambayo angependa kuwa ameshafika nyumbani.